Kidenmaki na Kikurdi: Undugu wa Mbali na Suala la Mipaka ya Lugha



Mwanafunzi wa isimu anapoelezwa kwamba Kidenmaki na Kikurdi ni lugha za ukoo mmoja, huelekea kushangaa. Ya kwanza ni lugha ya visiwa na rasi ya Ulaya ya Kaskazini; ya pili ni lugha ya milima inayogawanywa na mipaka ya Uturuki, Iraki, Iran na Syria. Hata hivyo zote mbili zimo katika familia ya Kihindi-Kiulaya: Kidenmaki katika tawi la Kigermaniki, Kikurdi katika tawi la Kiirani. Mhadhara huu unazilinganisha kwa lengo moja, nalo ni kuuliza: ni kitu gani hasa kinachoamua kwamba usemi fulani ni lugha moja, au ni lugha mbili?

Ushahidi wa undugu umo katika msamiati wa msingi. Mdenmaki husema navn kwa maana ya jina, na msemaji wa Kikurmanji, lahaja kubwa ya Kikurdi, husema nav. Ndugu wa kiume ni bror kwa Kidenmaki na bira kwa Kikurmanji. -Pya ni ny na nû. Nyota ni stjerne na stêrk. Tisa ni ni na neh. Lakini mfanano wa sauti peke yake si hoja. Neno du lipo katika lugha zote mbili: kwa Kidenmaki ni wewe, kwa Kikurmanji ni mbili. Undugu huthibitishwa kwa mpangilio wa mabadiliko ya sauti unaojirudia, wala si kwa bahati ya neno moja.

Katika sarufi, umbali kati ya lugha hizi ni mkubwa zaidi. Kidenmaki hubandika alama ya umahususi mwishoni mwa nomino: bog ni kitabu chochote, bogen ni kitabu kinachojulikana. Kisorani, lahaja kubwa ya pili ya Kikurdi, hufanya vivyo hivyo kwa njia yake: kitêb, kisha kitêbeke. Kiswahili hakina kibainishi cha namna hiyo, lakini kina mbinu zake: alisoma kitabu si sawasawa na alikisoma kitabu.

Kwa upande wa jinsia ya nomino, Kidenmaki sanifu kimeziunganisha jinsia ya kiume na ya kike kuwa moja, kikabaki na aina mbili: en bog, kitabu, na et hus, nyumba. Kikurmanji kimehifadhi jinsia ya kiume na ya kike, nayo huonekana katika kiungo kinachofuata nomino: mala min ni nyumba yangu, navê min ni jina langu. Msikilizaji wa Kiswahili atautambua utaratibu huu mara moja, kwa kuwa ya- na la- katika nyumba yangu na jina langu hufanya kazi inayokaribiana na hiyo.

Tofauti kubwa kuliko zote imo katika wakati uliopita. Mdenmaki husema jeg ser dig, ninakuona, na jeg så dig, nilikuona, kiima hakibadiliki. Msemaji wa Kikurmanji husema ez te dibînim, ninakuona, lakini min tu dîtî, nilikuona. Katika sentensi ya pili mtenda hachukui tena umbo la kiima, na kitenzi kinapatana na yule aliyeonwa.

Sasa jambo la kuzingatiwa ni hili. Kisorani sanifu hakina jinsia ya nomino, na katika wakati uliopita humwonyesha mtenda kwa vipashio vidogo vya nafsi vinavyojibandika kwenye maneno mengine. Kisorani huandikwa kwa hati yenye asili ya Kiarabu, ilhali Kikurmanji huandikwa zaidi kwa hati ya Kilatini, iliyoenezwa na Celadet Alî Bedirxan katika jarida la Hawar, lililoanzishwa Dameski mwaka 1932. Wasemaji wasiozoeana hupata taabu kuelewana. Hata hivyo, wengi wao husema kwamba lugha yao ni moja.

Huko Skandinavia hali ni kinyume. Hadi mwaka 1814 Norwei ilikuwa chini ya mfalme wa Denmaki, na lugha ya maandishi ilikuwa Kidenmaki. Bokmål, mojawapo ya maandishi mawili rasmi ya Kinorwei leo, ilikua kutokana na maandishi hayo. Msomaji wa Oslo husoma gazeti la Copenhagen bila mkalimani. Kinachomtatiza zaidi ni matamshi, kama ule mkwamo mfupi wa sauti kooni unaotofautisha hun, yeye wa kike, na hund, mbwa. Hata hivyo lugha hizi huhesabiwa kuwa mbili.

Basi sarufi haikuamua. Kidenmaki kilipata Biblia kamili mwaka 1550, mageuzi ya tahajia mwaka 1948, na baraza la lugha mwaka 1955, vyote vikiwa na dola nyuma yake. Kikurdi kina wasemaji zaidi ya milioni 20, ilhali Kidenmaki kina milioni 6 hivi. Lakini gazeti la kwanza la Kikurdi lilichapishwa ugenini, Cairo, mwaka 1898. Nchini Uturuki sheria ya mwaka 1983 ilikizuia hadi ilipofutwa mwaka 1991. Ni katiba ya Iraki ya mwaka 2005 iliyokifanya lugha rasmi ya nchi nzima pamoja na Kiarabu.

Lugha hizi mbili hukutana leo katika kinywa cha mtoto wa Kikurdi aliyezaliwa Denmaki. Mwaka 2002 nchi hiyo iliziondolea manispaa wajibu wa kufundisha lugha za mama, isipokuwa kwa watoto wenye asili ya Umoja wa Ulaya, Eneo la Kiuchumi la Ulaya, Visiwa vya Faroe na Greenland. Wahenga walisema mwacha mila ni mtumwa. Lakini mtoto huyu hakuacha, bali alipunguziwa nafasi ya kupokea.

Wanafunzi wa Kiswahili wana sababu ya kulitafakari hili. Mwaka 1928, mkutano wa Mombasa ulipokichagua Kiunguja badala ya Kimvita kuwa msingi wa usanifishaji, haikuwa kwa sababu Kimvita kilipungukiwa na sarufi wala fasihi. Uamuzi wa lugha hufanywa na watu, katika vikao, kwa sababu zao. Mwanaisimu anayeeleza lugha kwa muundo wake peke yake, akaviacha vikao hivyo, ameeleza nusu tu.