Mwenye Nyumba Akae au Ampishe Msafishaji?

Mada iliyowasilishwa katika semina ya vikundi vya kuweka na kukopa, Chiungutwa, Wilaya ya Masasi



Niliombwa nizungumzie usafi wa nyumba. Sitaanza na sabuni. Nitaanza na swali tunaloulizana chinichini tangu nyumba za vigae na masofa zilipoanza kuongezeka huku kwetu: ukimwita mtu akufanyie usafi kwa malipo, ubaki nyumbani au uende kwenye shughuli zako?

Kwa bibi zetu swali hili halikuwapo. Nyumba ilifagiliwa na wenyewe, na binti aliyetoka unyagoni alikuwa ameshafundwa na kungwi namna ya kuiweka. Aliyekuja kusaidia alikuwa mpwa au mjukuu, mtu wa ukoo. Leo mwalimu, muuguzi, mwenye duka na mkulima aliyejenga kwa fedha za korosho wote wanaita mtu. Ikifika Oktoba, mama yuko chini ya mikorosho tangu alfajiri na nyumba inabaki na vumbi lake. Anayekuja kuisafisha aghalabu ni mama mmoja na binti yake mkubwa, wana ndoo, dekio na fagio la chelewa, nao hulipwa kwa siku. Watu wanawaita vibarua. Mimi katika mada hii nitawaita wasafishaji, kwa sababu hii ni kazi yao na wanaijua.

Jibu langu nalitoa mapema ili mnipinge vizuri baadaye. Tunaposema tubaki nyumbani, huwa tunafikiria mali zetu. Nashauri tumfikirie kwanza yule anayefanya kazi. Pale ambapo usalama wake na haki yake vinatuhitaji, tubaki, hata kama tuna haraka ya kwenda shamba. Pale ambapo havituhitaji, tumpishe.

Fedha zilizokuwa kwenye pindo

Nilikuwa bado nafundisha. Zilibaki siku chache kabla ya harusi ya mwanangu, nikamwita mama mmoja wa kijiji jirani asafishe nyumba. Nilibaki naye kutwa nzima. Akiingia chumbani, naingia. Akihamia ukumbini, nahamia. Nilijiambia kwamba namwelekeza. Jioni nikatafuta shilingi elfu arobaini za kulipia mapambo, sikuziona.

Sikumwita mwizi. Nilimuuliza tu kama ameziona, nikamuuliza tena, kisha nikamuuliza mara ya tatu mbele ya wageni, na kila aliyekuwapo alielewa ninachosema. Yule mama hakujibu. Alichukua mfuko wake, akamwaga vilivyomo juu ya mkeka: kanga moja, kipande cha sabuni na vipande viwili vya muhogo wa kuchemsha aliokuwa anampelekea mtoto. Siku ya tatu nilikunjua kanga niliyojifunga siku ile ili niifue. Fedha zilikuwa kwenye pindo, na fundo nililifunga mimi.

Nilimfuata kwake. Alinikaribisha, akanipa kiti na maji ya kunywa, akasema, "Yamekwisha, mwalimu." Hakuja tena kunifanyia kazi, nami sikuona kama nina haki ya kumwita.

Nawaeleza haya kwa sababu nilikuwapo. Nilimtazama tangu asubuhi hadi jioni, macho yangu yaliona kwamba hakugusa kitu, na bado nilimshuku. Anayebaki ili kulinda mali hutafuta utulivu wa moyo, na mimi sikuupata kwa kumwandama mtu chumba kwa chumba. Siku nzima ya kulinda ilinizoesha kumwona kama mshukiwa, na fedha zilipokosekana nilikuwa nimeshamhukumu. Katiba yetu, Ibara ya 13(6)(b), inakataza mtu aliyeshtakiwa kwa kosa la jinai kutendewa kama mwenye kosa hilo mpaka ithibitike kuwa anayo hatia. Hivyo ndivyo mahakama inavyotakiwa kumtendea mshtakiwa. Msafishaji hajashtakiwa hata kwa balozi wa nyumba kumi, na sisi tunamtendea kwa chini ya hapo.

Historia ya hapa petu nayo inatudai uangalifu. Soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa mwaka 1873. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1876, Askofu Edward Steere alikuja Masasi na kundi la watu waliokombolewa utumwani, wakajenga misheni na kijiji chao. Masasi, basi, ni mahali ambapo watu walikuja kuishi bila kusimamiwa na bwana. Mtu mzima anayeinama kupiga deki huku mwingine amesimama nyuma yake na mikono kiunoni ni picha ambayo sitaki watoto wetu wakue wakiiona kuwa ya kawaida.

Nusu saa ya kwanza

Kabla hujaondoka, lazima uwepo, na huu si muda wa kupita tu. Mtembeze msafishaji nyumba nzima. Mwambie chumba kipi asiingie. Fedha, hati za shamba na stakabadhi za korosho zifungie kabatini mwenyewe kabla hajafika. Kufunga kabati hakumvunjii mtu heshima. Kunamwepusha na lawama.

Kisha mwonyeshe hatari zilizomo ndani, ambazo wewe umeshazizoea. Soketi inayopiga shoti unaijua wewe, mgeni haijui. Katika nyumba zetu hatari kubwa zaidi iko stoo. Wengi wetu huweka humo mifuko ya salfa ya kupulizia mikorosho dhidi ya ubwiri unga, pamoja na chupa za viuatilifu vya maji. Salfa iliyomwagika sakafuni, ikifagiliwa kwa fagio kavu ndani ya chumba kisicho na hewa, huwasha macho na koo, na vumbi lake hushika moto. Msafishaji anayeona unga wa njano ataufagia kama vumbi jingine lolote, asipoambiwa. Galoni tupu la dawa ya wadudu ni jambo la kutisha zaidi. Ni galoni zuri na lina mfuniko wake. Mama mwenye watoto wanaohitaji chombo cha maji anaweza kuliosha na kuondoka nalo, akidhani umelitupa. Galoni hilo litobolewe, asipewe mtu.

Vilevile kuna dawa za usafi zenyewe. Jiki ya kung'arishia nguo haichanganywi na asidi ya kusugulia vigae na choo. Zikikutana hutoa gesi ya klorini, ileile iliyotumika kama silaha kule Ypres, Ubelgiji, mwaka 1915. Katika choo kidogo chenye dirisha moja, vifuniko viwili tu vya haraka haraka vinatosha kumtoa mtu mbio akikohoa na macho yakichuruzika. Mwenye nyumba ndiye aliyezinunua dawa hizo. Azitenganishe, na amwambie msafishaji ipi ni ipi, hasa kama zimehamishiwa kwenye chupa za soda zisizo na maandishi.

Ukishamaliza hayo, nenda. Kazi ya usafi ina mpangilio wake. Huanza juu, kwenye tandabui, feni na vichwa vya makabati, ikashuka kwenye madirisha na viti, na sakafu huja mwisho. Mwenye nyumba anayezunguka humo hukanyaga palipodekiwa, huita watoto, huanzisha mazungumzo na kukatiza mpangilio. Kabla hujatoka, mwonyeshe msafishaji choo atakachotumia. Mwachie chakula na maji ya kunywa, na nafasi ya kuswali kama anaswali. Kama huwezi kuondoka kwa sababu una mgonjwa au mtoto mchanga, kaeni chumba kimoja, mwambie aanze na hicho au amalizie nacho.

Nina neno kwa wanaume, na nalisema kwa heshima. Kama msafishaji ni binti au mama peke yake, na wewe uko nyumbani peke yako, afadhali uondoke, au mkeo, dada yako au bibi wa jirani awepo. Sheria ya mwaka 1998 ya makosa ya kujamiiana inaadhibu unyanyasaji wa kijinsia, lakini binti anayelipwa kwa siku ni nadra kwenda polisi. Huacha kazi kimya kimya, na sisi tunasema hana uvumilivu.

Mdomo wa kisima

Sasa nafika kwenye sehemu iliyonifanya niikubali mada hii.

Kati ya Masasi na uwanda wa Newala maji ni historia ndefu. Mjerumani Karl Weule, aliyefika Masasi na Newala mwaka 1906, alishangaa kuona watu wa uwandani wakiishi mbali na maji, na akinamama wakiyafuata bondeni. Mradi wa maji wa Makonde, ulioanza miaka ya 1950, ulijengwa ili kuyapandisha maji hayo juu. Hata hivyo mpaka leo nyumba nyingi zinategemea bati, mfereji wa bati na kisima cha saruji kilichochimbwa uani. Kisima hicho hupungua kiangazi, na kabla ya mvua za Novemba na Desemba lazima kisafishwe: tope la chini, majani, mijusi iliyotumbukia, ute wa ukutani. Anayetumwa kuingia mara nyingi ni yuleyule msafishaji wa siku, au kijana mwembamba anayepita kwenye mdomo wa kisima.

Hewa tunayovuta ina oksijeni karibu asilimia 21. Ndani ya kisima kilichofunikwa miezi mingi, majani na tope vinavyooza huila oksijeni hiyo na kutoa gesi nzito inayotuama chini. Haionekani, na inaweza isinuke. Mtu anashuka akiwa anaongea, anainama kuchota tope, na akiinuka miguu haina nguvu. Pampu ya petroli ikishushwa na kuwashwa humo ndani ni mbaya zaidi, kwa sababu moshi wake una kaboni monoksaidi. Kisha hutokea lile ambalo huzidisha misiba ya visima: ndugu anasikia kimya, anachungulia, anaruka kumwokoa, naye anaanguka juu ya mwenzake.

Hapa mwenye nyumba haruhusiwi kuondoka. Hata kama korosho zinaiva shambani na mnada ni kesho, abaki mdomoni mwa kisima. Kifunuliwe mapema, siku moja kabla au zaidi, hewa izunguke. Kinachoweza kuchotwa kwa ndoo na kamba kutoka juu kichotwe kutoka juu, na kuta zisuguliwe kwa brashi yenye mpini mrefu, ili ikiwezekana mtu asiingie kabisa. Wazee walikuwa wakishusha kandili: likizimika, hakuna anayeshuka. Ushauri huo ni mzuri lakini haujakamilika, kwa maana kandili linaweza kuendelea kuwaka penye kaboni monoksaidi ya kutosha kuua. Ikiwa hakuna budi mtu kuingia, afungwe kamba kifuani kupita makwapani, na watu wawili wenye nguvu waishike juu muda wote, wakizungumza naye. Asipojibu, avutwe. Asishuke mtu wa pili.

Kijana wa chini ya miaka 18 asiingie kabisa. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kumpa mtoto kazi ya hatari. Wembamba wake, tunaoutafuta ili apite mdomoni, ndio dalili ya umri wake.

Mwenzangu mmoja aliniambia kwamba anawalipa vijana wa kisima vizuri, kwa hiyo hatari ni yao. Sikubaliani naye. Maji hayo nitayanywa mimi na wajukuu wangu mwaka mzima.

Jioni

Rudi kabla kazi haijaisha. Kagueni pamoja, na palipobaki doa sema palepale, kwa lugha ya kawaida, ili arekebishe. Kisha mlipe. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inataka ujira ulipwe saa za kazi, mahali pa kazi, siku mliyokubaliana. "Njoo kesho" ni kosa, na kwa mtu aliyeacha watoto bila unga ni kosa kubwa. Amri ya kima cha chini iliyoanza kutumika Januari 1, 2023 ilimtenganisha mfanyakazi wa nyumbani anayelala kwa mwajiri, shilingi 60,000 kwa mwezi, na asiyelala hapo, shilingi 120,000. Serikali, kwa maneno mengine, ilimtambua anayekuja asubuhi na kurudi kwake. Chama kinachojumuisha wafanyakazi wa majumbani, CHODAWU, kipo, na Shirika la Kazi Duniani lilipitisha Mkataba namba 189 kwa ajili ya wafanyakazi hawa mwezi Juni 2011. Vikundi vyetu vinaweza kuandika makubaliano ya ukurasa mmoja kwa Kiswahili: kazi gani, vyumba vipi, malipo kiasi gani, chakula cha nani, na kikikosekana kitu tutatafutaje kabla ya kumuuliza mtu. Karatasi ya namna hiyo ingeniokoa mimi na yule mama wa kijiji jirani.

Mnaweza kunipinga kwa mengi niliyosema: kuhusu kufunga kabati, kuhusu chakula, hata kuhusu kumwacha mtu peke yake sebuleni. Tutajadiliana baada ya chai. Lakini kuna moja ninaloliomba lipitishwe leo na vikundi vyote vilivyomo humu, kabla hatujaagana na kabla ya mvua: asiingie mtu kwenye kisima cha nyumba yoyote ya Chiungutwa bila kamba kifuani, watu wawili juu, na mwenye nyumba mwenyewe amesimama mdomoni.