Kinga ya Wapandao Mapaa
(Hotuba iliyosomwa katika Mkutano Mkuu wa Mwaka)



Nataka kusema machache juu ya ndugu zetu wafanyao kazi ya kuezeka na kutengeneza mapaa. Mimi si fundi. Mimi ni karani. Lakini karani ndiye aandikaye jina la mtu katika daftari ya mishahara, na siku ya msiba ndiye alipigaye mstari.

Miaka kadhaa iliyopita, katika kazi niliyokuwa nayo zamani, mnyapara aliniletea karatasi ya kuomba mbao nne za kukanyagia juu ya paa la ghala kuukuu. Niliona si jambo la haraka, nikaiweka chini ya karatasi nyingine ingoje mwisho wa mwezi. Kabla mwezi haujaisha, kibarua mmoja alikanyaga bati bovu, likakatika, akaanguka juu ya sakafu ya saruji. Hakufa, lakini hakutembea tena. Watu walimfariji mkewe wakisema, "Ajali haina kinga." Mimi nilijua kwamba kinga ilikuwako, nayo ilikuwa mezani pangu.

Nilipokwenda kumtazama hospitalini, aliniuliza kama zile mbao zimenunuliwa. Zilikuwa zimenunuliwa siku mbili baada ya yeye kuanguka.

Kwa hiyo nasema, mara nyingi kuanguka kwa mtu hutayarishwa chini, kabla hajapanda ngazi. Basi na tutayarishe kinga huko huko chini.

Kwanza, paa lichunguzwe. Mabati yaliyoliwa na kutu, mabamba ya saruji yenye asbesto, na yale ya plastiki yaliyowekwa ili kuingiza nuru, huenda yakaonekana imara, kumbe hayachukui uzito wa mtu. Wako waaminio kwamba afuataye mstari wa misumari hataanguka. Imani hiyo ni ya hatari. Zilazwe mbao pana zinazoegemea mapao zaidi ya moja, na kila mahali hafifu pazungushiwe kizuizi. Tena asbesto isivunjwe ovyo, maana vumbi lake huharibu mapafu.

Pili, ngazi. Ikiwa yafika juu mita 4, mguu wake uwe mbali na ukuta mita 1. Ncha yake ipite ukingo wa paa kwa mita 1 hivi, nayo ifungwe isiteleze.

Tatu, ukingo wa paa uwe na jukwaa lenye vizuizi. Pasipowezekana, fundi avae mshipi wa usalama uliofungwa penye sehemu imara ya jengo, wala si penye bomba la maji ya mvua. Mshipi uliovaliwa bila kufungwa ni pambo tu.

Nne, upepo ukivuma au paa likilowa, kazi ingoje. Bati refu likishikwa na upepo huwa kama tanga, humvuta aliyelishika.

Ndugu zangu, mambo haya si hisani ya tajiri. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yamtaka mwajiri wa Kenya alinde watu wake. Mfanyakazi aonaye hatari kubwa imweleze msimamizi wake, na asilazimishwe kurudi mahali pale kabla haijaondolewa. Tena iko Sheria ya Fidia ya Madhara Kazini ya mwaka huo huo: madai na yapelekwe kabla ya miezi 12 kupita tangu siku ya ajali. Mgonjwa akiwa kitandani, jamaa zake wasilale. Wamjulishe mwajiri mara moja, tena waandike siku, mahali, na majina ya walioshuhudia.

Wanyapara, msione haya kuomba mara ya pili na ya tatu. Mafundi, msimcheke kijana aulizaye kamba iko wapi. Nanyi makarani wenzangu, karatasi ya kuomba mbao, kamba au mshipi na iwe juu ya nyingine zote. Ni ndogo, lakini yaweza kuwa ndiyo iliyobeba uzito wa mtu.