Fizikia Nayo Ni Haki: Maneno Yangu kwa Vijana wa Handeni na Korogwe

 

Najua kuna anayejiuliza, huyu binti anasoma sheria, fizikia inamhusu nini? Inanihusu kwa sababu imo ndani ya Katiba. Ibara ya 11(2) inasema kila raia yuko huru kutafuta elimu katika fani anayoipenda, hadi upeo wowote, kwa kadiri ya stahili na uwezo wake. Fani anayoipenda, jamani! Kama binti wa Mkata anapenda astrofizikia, yaani elimu ya jinsi nyota zinavyozaliwa, zinavyowaka na zinavyokufa, basi Katiba inamhusu na yeye.

Sasa geuza kurasa urudi nyuma, Ibara ya 7(2). Hapo unaambiwa kwamba masharti ya sehemu hiyo hayawezi kutekelezwa na mahakama yoyote. Kwa hiyo yule binti, kama shuleni kwake hakuna mwalimu wa fizikia, hawezi kusimama mbele ya jaji na Ibara ya 11 peke yake akadai mwalimu. Haki imeandikwa, lakini mlango wa mahakama umefungwa. Uliobaki ni mlango wa siasa, na huo ni wetu sisi.

Tusidanganyane eti mambo ya nyota ni ya Wazungu. Wakulima wa pwani walikuwa wakiangalia Kilimia kujua msimu. Na tarehe 12 Desemba 1970, setilaiti ya kwanza duniani iliyotengenezwa kwa ajili ya kuchunguza miale ya eksirei kutoka angani ilirushwa baharini karibu na Malindi. Ilikuwa ya Marekani, ila ilipewa jina la Kiswahili: Uhuru. Vipimo vyake vilisaidia wanasayansi kutambua kwamba Cygnus X-1 ni shimo jeusi.

Karibu zaidi ni hapa hapa mkoani kwetu. Toka Korogwe, fika Mombo, pandisha Lushoto hadi Magamba. Mwaka 1963 mwanafunzi wa sekondari ya pale, Erasto Mpemba, aliweka mchanganyiko wa aiskrimu kwenye friza ukiwa bado wa moto, ukaganda kabla ya ule uliopoa. Alipouliza sababu, alichekwa. Hakunyamaza. Alipokuwa Mkwawa, Iringa, alimuuliza Dk. Denis Osborne wa Chuo Kikuu, Dar es Salaam, naye akaenda kulipima. Mwaka 1969 wakachapisha pamoja. Mpaka leo wanafizikia wa dunia wanabishana juu ya kitu kinachoitwa kwa jina la Mpemba. Yeye mwenyewe alikwenda kusomea uhifadhi wa wanyamapori, Mweka. Ni kazi ya heshima, lakini jiulizeni: akina Mpemba wangapi tunao leo ambao hata friza ya kujaribia hawana?

Tuseme ukweli, Samia Skolashipu iliyoanza mwaka 2022 ni jambo jema. Ila inamsubiri mtoto akiwa ameshafaulu kidato cha sita. Aliyeiacha fizikia kidato cha pili kwa kukosa mwalimu haimkuti. Ngazi imekatika chini, sisi tunapaka rangi juu.

Mnakumbuka michango ya maabara za shule za kata, mwaka 2014? Wazazi wenu walitoa. Basi nendeni kwenye vikao vya baraza la madiwani, mkawaulize madiwani wenu mambo matatu. Shule ngapi zina mwalimu wa fizikia? Maabara ngapi zina vifaa, maji na umeme, siyo kuta tu? Na wasichana wangapi wanaendelea na fizikia kidato cha tatu? Majibu yaandikeni, shule kwa shule, na mwakani kabla bajeti haijapitishwa mrudi nayo.

Msiende kama waombaji. Mnadai kilichoandikwa.