Mpaka wa Tembo wa Msituni ni Barabara



Tembo wa msituni hahesabiwi kwa ndege kama tembo wa Serengeti, kwa sababu miti humficha. Anayetaka kujua idadi yake huhesabu mavi. Timu hushika dira na kufuata mstari ulionyooka, panga likitangulia. Kila rundo linaloonekana hupimwa umbali wake kutoka mstarini, kisha huandikwa kama ni bichi bado au limebaki nyuzinyuzi. Ni kazi isiyo na fahari yoyote, lakini mengi nitakayosema jioni hii yametokana nayo.

Chukueni Hifadhi ya Taifa ya Minkébé, Gabon. Hesabu ya mwaka 2004 ilipolinganishwa na ya 2014, tembo wapatao 25,000 walikuwa wametoweka, karibu wanane katika kila kumi. Hawakutoweka sawasawa. Upande wa kusini, ulio kilomita 58 kutoka barabara kuu ya karibu ya Gabon, walipungua kiasi. Katikati na kaskazini walikwisha kabisa, na huko kuna mahali ambapo barabara kuu ya Kameruni iko kilomita 6.1 tu kutoka mpakani mwa hifadhi. Sheria ya hifadhi ni ile ile pande zote. Jangili, hata hivyo, hapimi sheria. Anapima atatembea saa ngapi na pembe begani.

Tembo nao wanalijua hilo. Mtafiti Stephen Blake na wenzake waliwafunga tembo 28 wa Bonde la Kongo kola za kufuatilia nyendo, na matokeo yao yakatoka mwaka 2008. Ni mmoja tu aliyethubutu kuvuka barabara nje ya hifadhi, naye alivuka kwa kasi mara 14 ya mwendo wake wa kawaida.

Kwa jirani zetu wa Ituri, kaskazini-mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, wanaozungumza Kiswahili hiki hiki, hadithi ni ile ile, tena chungu zaidi. Hifadhi ya Wanyama ya Okapi ilianzishwa mwaka 1992. Vita vilivyofuata vilichukua karibu nusu ya tembo wake, na waliosalia wakajikusanya ndani zaidi, mbali na barabara inayopita kijiji cha Epulu, humo hifadhini. Kisha zikaja kambi za wachimba dhahabu. Wambuti, wenyeji wa msitu huo, wamekaa na tembo humo tangu enzi na enzi, kwa hiyo siwezi kukubaliana na wanaosema kwamba adui ni “binadamu” basi, kana kwamba wote tuna bunduki na mnunuzi wa pembe.

Hata mkata magogo si lazima awe adui. Kaskazini mwa Kongo-Brazzaville, jirani na hifadhi ya Nouabalé-Ndoki, tembo huingia katika maeneo yaliyokatwa miti wakifuata machipukizi, mradi askari wanyamapori wapo na magari yanakaguliwa. Na huko Gabon, baruti za watafiti wa mafuta hazikuwahamisha tembo. Vinasa sauti vilionyesha kwamba walihamishia shughuli zao usiku. Kwenye ramani wangeonekana wametulia kabisa! Ndiyo maana siziamini sana ramani zinazoonyesha tu kwamba mnyama “yupo”.

Mwaka 2021 tembo wa msituni aliorodheshwa peke yake, mbali na tembo wa savana, kuwa katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka, akiwa amepungua kwa zaidi ya asilimia 86 katika miaka 31. Jike wake huchelewa kuzaa hadi kupita miaka 20, kwa hiyo pengo hilo halizibwi upesi.

Wahandisi mlio ukumbini, mchoro wa barabara ya msituni ukifika mezani kwenu, ulizeni hesabu ya mavi kabla ya zabuni kutangazwa. Na barabara ya magogo ikishamaliza kazi yake, ifungeni.