KAZI NA TUNDA LAKE

Mwalimu, tafadhali andika ubaoni maneno mawili kwa herufi kubwa: KAZI, na chini yake TUNDA. Yaache hapo mpaka somo litakapokwisha.

Katika masomo yetu juu ya dini za watu wa ulimwengu, leo tumefika India, kwa Wahindu. Lakini kwanza tuangalie herufi moja. Mhindi ni mtu ambaye asili yake ni India. Mhindu ni mtu afuataye dini ya Kihindu. Tofauti ni herufi ya mwisho tu, i na u, lakini ukikosea umembadilisha mtu dini yake, maana wako Wahindi wengi ambao ni Waislamu, wako Wakristo, na wako Masingasinga. Wazee wetu wa pwani waliwaita Wahindu kwa jina la Mabaniani. Sikuja hapa kumwambia mtu aache dini yake. Nimekuja kueleza jambo moja ambalo Wahindu wamelifikiri kwa karne nyingi: je, kazi ya kila siku, kazi ya jembe na ya jikoni na ya dukani, yaweza kumfikisha mtu kwa Mungu?

Wahindu wana kitabu kiitwacho Bhagavad Gita. Kina sura 18 na beti 700, nacho ni sehemu ya utenzi mrefu sana uitwao Mahabharata. Habari yake yaanzia vitani.

Majeshi mawili yamekutana katika uwanja wa Kurukshetra, mahali palipo kaskazini ya mji wa Delhi. Wakuu wa pande zote mbili ni watu wa ukoo mmoja, wanagombea ufalme. Upande mmoja yuko Arjuna, mpiga mishale asiye na mfano. Anamwomba mwendesha gari lake la farasi, jina lake Krishna, alisimamishe gari katikati ya majeshi apate kutazama. Anatazama, na upande wa pili anamwona babu yake Bhishma. Anamwona Drona, mwalimu aliyemfundisha kushika upinde. Anawaona binamu na wajomba. Mikono yamtetemeka. Anauacha upinde, anaketi garini, anasema hatapigana.

Hapo ndipo mazungumzo yanapoanza, kwa maana kwa imani ya Wahindu yule mwendesha gari si mtu wa kawaida: Krishna ni Mungu aliyekuja duniani kwa umbo la binadamu. Anamjibu Arjuna mambo mengi, nami sina wakati wa kuyaeleza yote. La kushika leo ni hili. Kazi imo mikononi mwa mtu, lakini yatakayotokana na kazi hiyo hayamo mikononi mwake. Basi aifanye kwa sababu ni wajibu wake, amtolee Mungu, wala asijifunge kwa malipo yake. Tena asikimbilie uvivu akidhani kwamba kukaa bure ni utakatifu.

Njia hii Wahindu huiita karma yoga. Karma maana yake ni kitendo. Yoga, ambalo siku hizi watu wengi wakilisikia hufikiri mazoezi ya kunyoosha viungo, ni neno lenye asili ya kufunga nira, kama tuwafungavyo ng'ombe wawili wa kulimia wapate kuvuta pamoja. Yaani mtu hujifunga kwa Mungu kwa njia ya kazi yake. Ziko njia nyingine, kama vile njia ya maarifa na njia ya ibada ya mapenzi, lakini njia ya kazi ni ya mtu asiyeweza kuacha shamba na watoto akaenda kukaa pangoni.

Nilipoeleza habari hizi siku moja katika darasa la watu wazima, mzee mmoja aliinua mkono. Akasema, "Bwana Elimu, mwanangu, nisipofikiri mavuno, kwa nini nilime?" Darasa zima likacheka, nami nikakwama kidogo, maana swali lake lilikuwa zuri kuliko somo langu.

Nilimjibu hivi. Kuchagua mbegu njema, kupanda kwa wakati, kupalilia, kulinda nyani: hayo yote ni kufikiri mavuno, nayo ni sehemu ya kazi yenyewe. Hakuna anayeyakataza. Lakini ukisha kuyafanya, mvua haikungoji wewe. Mtu aliyeufunga moyo wake kwa tunda hupata taabu mara mbili: kabla ya mavuno ana hofu, na baada yake, yakiwa mabaya, ana uchungu. Tena ni rahisi kwake kupunja. Muuza duka anayeangalia faida tu, mkono wake utaugusa mzani. Na mimi nisijitoe. Mwaka wangu wa kwanza wa kazi hii nilikwenda kwa miguu kukagua darasa la mbali, nikakuta watu watatu tu. Nilikasirika nikawafundisha ovyo, kwa kuwa nilitaka kuandika katika taarifa yangu kwamba niliwakuta thelathini. Wale watatu walikuwa wamekuja kusoma. Walikosa nini?

Sasa nitawasimulia hadithi. Nayo pia imo katika Mahabharata, na mimi huipenda kuliko habari ya vita.

Palikuwa na kijana wa ukoo wa makuhani, ambao huitwa Brahmini. Jina lake Kaushika. Siku moja alikuwa ameketi chini ya mti akisoma maandiko matakatifu kwa moyo. Ndege mmoja, mfano wa yangeyange, alikuwa juu ya tawi, akamnyea. Kaushika akainua macho kwa hasira, na kwa nguvu ya ibada zake nyingi ndege akaanguka, akafa. Alijuta, lakini bila shaka alijua pia kwamba yeye si mtu mdogo.

Akaenda kijijini kuomba chakula. Katika nyumba moja mwanamke akamwambia angoje. Mara mume wa yule mwanamke akafika, ana njaa na amechoka. Mkewe akampa maji ya kunawa, akampakulia, akamhudumia, na mgeni akasahauliwa mlangoni. Mwanamke alipokumbuka akatoka mbio na chakula, ana haya. Kaushika macho yamemwiva! Lakini mwanamke akamjibu kwa upole kwamba asimtazame hivyo, kwani yeye si yule ndege. Kaushika akashangaa. Nani alimwambia habari ya ndege? Mwanamke akasema kwamba kuhudumia nyumba yake ndiyo ibada yake, na kwamba kama Kaushika anataka kujifunza wajibu, aende mji wa Mithila akamtafute muuza nyama mmoja.

Fikirini jambo hilo. Kuhani wa Kihindu atumwe kwa muuza nyama! Kazi hiyo ilihesabiwa kuwa kazi ya unajisi. Hata hivyo alikwenda. Akamkuta katika genge lake, amezungukwa na wanunuzi. Muuza nyama akamkaribisha, akamwambia kwamba anajua ni nani aliyemtuma. Akampeleka nyumbani. Huko walikuwako wazazi wake wawili, wazee, wamevaa nguo safi, wamekaa mahali pazuri, wameshiba. Muuza nyama akainama miguuni pao. Akasema kwamba wazee hao ndio hekalu lake, na kwamba kazi ile aliirithi kwa baba zake, naye huifanya bila kudanganya mtu.

Kisha akamwambia Kaushika neno lililomchoma. Wewe, kijana, uliwaacha baba na mama yako bila ruhusa yao ukaenda kujifunza maandiko. Wamelia mpaka wamepofuka. Rudi nyumbani.

Na Kaushika akarudi.

Mwalimu, hapa unaweza kunyamaza kidogo uwaulize wanafunzi hadithi hii imewafundisha nini. Sisi tutaendelea na watu wa karne iliyopita.

Mohandas Gandhi alizaliwa Porbandar, katika Gujarat, mwaka 1869. Hakuisoma Bhagavad Gita mpaka alipokuwa mwanafunzi wa sheria London, na hata huko aliisoma kwanza kwa Kiingereza, alipoalikwa na wenzake wawili wasome pamoja. Mwenyewe aliandika kwamba aliona haya, maana hakuwa amekisoma kitabu hicho wala kwa Kisanskriti wala kwa lugha ya mama yake. Mwaka 1893 alisafiri kwenda Afrika ya Kusini, na meli ilipita Lamu, Mombasa na Unguja. Alipokuwa Johannesburg aliamua kukihifadhi kitabu hicho. Alikuwa mwanasheria mwenye shughuli nyingi. Atapata wapi nafasi? Aliandika beti juu ya vipande vya karatasi, akavibandika ukutani, akavisoma asubuhi huku akipiga mswaki. Kwa namna hiyo alihifadhi sura 13. Basi mtu asiniambie hana wakati wa kujifunza herufi.

Baadaye alikifasiri kitabu kwa Kigujarati, na tafsiri yake ilitolewa mwaka 1930. Alisema aliwakusudia hasa watu waliokosa elimu ya vitabu.

Mwanafunzi wake mmoja, Vinoba Bhave, alikuwa na mama asiyekijua Kisanskriti. Mama huyo alitaka kuisoma Gita kwa lugha yake, Kimarathi. Mwanawe akamletea tafsiri iliyokuwako, lakini ilikuwa ngumu, naye akamwambia mwanawe: kwa nini usiifasiri wewe? Mama alifariki mwaka 1918 kabla kazi haijafanyika. Vinoba aliitunga tafsiri hiyo katika miaka ya 1930 na 1931, kwa mashairi mepesi, akaiita Gitai, jina lenye neno "mama" ndani yake. Mwaka 1932 Waingereza walimfunga katika gereza la Dhule. Humo, kila Jumapili, aliwaeleza wafungwa wenzake sura moja, mpaka sura zote 18 zikaisha, na mfungwa mwenzake, Sane Guruji, akayaandika maneno yake. Yalikuwa mazungumzo ya mdomo yaliyogeuzwa kitabu, kama hili somo mlilo nalo mkononi.

Lakini sitakuwa mkweli nikiishia hapo. Liko swali zito: wajibu wa mtu huamuliwa na nani? Bhagavad Gita yafundisha kwamba ni heri mtu kushika wajibu wake mwenyewe, hata akiutimiza kwa kasoro, kuliko kushika wa mwingine. Na katika India ya zamani wajibu ulifuata tabaka la kuzaliwa. Kuhani alizaa kuhani, mtumishi alizaa mtumishi. Chini ya wote walikuwako watu walioitwa wasioguswa. Kuwaambia watu hao wafanye kazi bila kutazama tunda kulikuwa na maana gani, ikiwa tunda lililiwa na wengine siku zote?

Aliyeuliza hivyo kwa ukali ni Dakta Bhimrao Ambedkar, aliyezaliwa mwaka 1891 katika watu hao wasioguswa. Shuleni alikalia gunia alilolileta kutoka nyumbani, mbali na wenziwe. Hakuruhusiwa kugusa bomba la maji. Ilibidi tarishi wa shule amfungulie, na siku tarishi asipokuwapo, mtoto alishinda na kiu. Alisoma mpaka akawa daktari wa elimu, akawa mwenyekiti wa kamati iliyoandika katiba ya India, na katiba hiyo, iliyoanza kutumika mwaka 1950, ilipiga marufuku desturi ya kutoguswa. Kwa maoni yake Bhagavad Gita iliupa mpango wa matabaka hoja za kujitetea. Mwaka 1956 aliiacha dini ya Kihindu akawa Mbudha, na watu kwa malaki wakamfuata.

Gandhi naye aliipinga sana desturi ya kutoguswa, naye alisafisha vyoo kwa mikono yake mwenyewe, kazi iliyowekewa wasioguswa. Lakini Ambedkar aliona hayo hayatoshi. Mimi nadhani Ambedkar alikuwa na haki ya kuuliza. Muuza nyama wa Mithila aliichukua kazi yake kwa hiari ya moyo, na hiyo ni heshima. Yule mtoto mwenye kiu hakuulizwa.

Sasa kazi yenu. Mwalimu, ligawanye darasa mafungu mawili. Fungu moja limtetee yule muuza nyama, fungu la pili liseme kwa niaba ya mtoto aliyekalia gunia. Kila fungu lichague mtu mmoja wa kuandika hoja tatu. Maneno yale mawili msiyafute bado. Kila mmoja ayanakili katika daftari lake, KAZI na TUNDA, na chini yake aandike kazi moja aliyoifanya juma hili ambayo hakuna mtu aliyemshukuru.

Kwaherini, mpaka juma lijalo.