Aliyezimia Mlaze Ubavu

Msikilizaji wa Meru na Embu, mtu akizimia ulimi hulegea, ukarudi nyuma na kuziba koo. Hewa ikikatika, ubongo huumia ndani ya dakika chache, kisha moyo na figo. Utafiti wa nchi 22 za Afrika, uliochapishwa mwaka 2025, ulionyesha kwamba wengi walio mahututi walikuwa wamelazwa wodi za kawaida, si vyumba vya uangalizi maalum (ICU). Na takriban nusu ya waliozimia hawakusaidiwa kulinda njia ya hewa. Inauma, maana msaada huu hauhitaji mashine! Kama anapumua, mlaze ubavu, kichwa kielekee nyuma kidogo, matapishi yatoke. Usimpe maji. Mkiwa njiani kwenda Hospitali ya Rufaa ya Meru au Embu, angalieni kifua chake. Asipopumua, anzeni kukikandamiza mara moja.