UFUNDI WA ZEZE USITUPOTEE
(Hotuba iliyosomwa kwa niaba ya walimu na wanafunzi waliotoka Rongui)



Sisi tuliotoka kisiwa cha Rongui, pwani ya kaskazini ya Cabo Delgado, tulikimbia na vitu vichache. Vita vilianzia Mocímboa da Praia Oktoba 2017. Machi 2021 Palma ikashambuliwa. Chomboni tulipakia watoto, masufuria na mikeka. Zeze lilibaki.

Zeze letu la upinde, ambalo wengine Msumbiji huliita tchakare, lina uzi mmoja. Fundi huchonga tumbo la mti au hutumia kibuyu, akaliwamba ngozi mbichi ya kenge na kuianika kivulini, kwani ikikauka juani hupasuka. Kisha hupitisha mpini, hufunga uzi, na huweka kijiti cha kuuinua juu ya ngozi. Upinde husuguliwa utomvu mkavu. Bila utomvu huteleza, zeze likanyamaza.

Fidla ya taarabu ina nyuzi nne, na uso wake ni ubao mwembamba, lakini kanuni ni ile ile: uzi hutikisa kijiti, kijiti hutikisa uso, na tumbo huikuza sauti. Mwaka 2012 UNESCO iliuandika ufundi wa fidla wa mji wa Cremona, Italia, katika orodha ya urithi wa binadamu. Wetu, hapa kambini, umo mikononi mwa mzee mmoja tu, na macho yake yanafifia.

Kwa hiyo tunaomba mambo matatu. Kamati itupatie banda jioni mbili kwa wiki. Ndugu wa mashirika, makopo matupu ya mafuta msiyatupe. Yanafaa kuwa tumbo la zeze, nasi hatutaki kumaliza miti. Wazazi, msiseme mtoto anapoteza wakati. Uzi ukibanwa katikati, sauti ile ile hurudi juu zaidi: hiyo ni hesabu ya nusu.

Wiki iliyopita msichana wa darasa la nne aliwamba ngozi ya mbuzi, ikapasuka. Akataka kulia. Mzee akaipapasa, akasema, "Vema. Sasa umejua inapochokea. Lete nyingine."

Nyingine hatukuwa nayo. Mwenye kipande cha ngozi na akilete shuleni.

Siku ya kurudi itakapofika, tusirudi mikono mitupu.